Usukani wacheza ngoma, baba mkwe asema: "Simama!"

Mpenzi msomaji, mwanamume akienda ukweni kuna mambo matatu ya kujihadhari nayo: kula mpaka sahani ing'ae, kulala mpaka saa nne ya jua, na kujifanya fundi. Mawili ya kwanza nilijitahidi. Hilo la tatu lilinishinda, na nusura linimalize mimi, mama watoto, wanetu wawili, na mzee wa watu ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kukubali lifti ya mkwewe.

Ilikuwa Idd el Haji ya mwaka 2023. Tuliamua kwenda kuila Mchukwi kwa wazazi wa mke wangu. Kwa wale ambao Barabara ya Kilwa wanaijua mwisho Mbagala Rangi Tatu, niwaambie kwamba mbele kuna nchi. Unaipita Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, na huko mikorosho inakukaribisha pande zote mbili. Zamani pote pale paliitwa Rufiji, siku hizi ni Wilaya ya Kibiti. Mchukwi yenyewe wengi wanaijua kwa hospitali ya misheni, ambayo watu huifuata kutoka mpaka vijiji vya delta, wengine wakianza safari kwa mtumbwi.

Gari langu ni Toyota Corolla, ile 110, niliyoinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu. Halina makuu. Ila miezi michache kabla ya safari ile nilikuwa nimelipeleka gereji moja mjini kubadilisha oili, na nilipofika nyumbani nikakuta filta ni ile ile ya zamani, imefutwafutwa tu ikapata sura. Nikaapa kwamba kuanzia siku ile huduma ndogo ndogo nitazifanya mwenyewe. Nikanunua jeki nzuri, spana, na ovaroli ya bluu. Ovaroli ile, jamani! Ukiivaa unajiona umezaliwa karakana.

Basi Ijumaa tukashuka Nyamisati kumpokea shemeji aliyekuwa akivuka kutoka Mafia. Kule ni kando ya mikoko, na katika kugeuza gari nikaingiza matairi ya nyuma kwenye tope jeusi la pwani, lile linaloshika kama ulimbo. Vijana wakatusukuma, tukatoka, tukacheka. Likumbuke hilo tope, litarudi mbele ya safari.

Jumamosi asubuhi nikavaa ovaroli. Nilikuwa na mpango: kumwaga oili, kubadilisha pedi za breki za mbele, na kuzungusha matairi, yaani ya nyuma yaje mbele na ya mbele yaende nyuma, ili yaliwe sawasawa. Hiyo ni kazi halali kabisa, hata vitabu vya gari vinaishauri. Uwanja wenyewe ulikuwa chini ya mkorosho mkubwa mbele ya nyumba. Kila aliyepita kwenda dukani alisimama kidogo. Mke wangu akawa anawaambia wenzake, "Baba Salma gari analijua mwenyewe, hapeleki kwa fundi." Mwenzenu nikazidi kuvimba.

Sasa pale Mchukwi ardhi ni mchanga, na mawe ya kuzuia gari hamna. Nikaweka ubao chini ya jeki, gogo nyuma ya tairi, kazi ikaanza. Shemeji yangu mdogo, wa darasa la sita, nikampa uutingo: kazi yake kuokota nati, kuzisafisha kwa petroli kwenye kopo, na kunipa moja moja. Nati zikianguka mchangani anaziokota, anazifuta kwa shati, anazifunga mwenyewe kwa vidole, mimi naja nyuma yake na spana namba 21. Nilikaza kwa mguu, nikipanda juu ya spana na kuruka kidogo. Watoto wakashangilia.

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni na tasbihi yake. Mzee huyu alikuwa dereva wa malori njia ya kusini, enzi zile kwenda Lindi ni habari ya kuaga kabisa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu unaokaribia kilometa moja, na leo unalivuka bila hata kumaliza stori uliyoianzia Ikwiriri. Lakini yeye aliendesha wakati wa kivuko cha Ndundu, ambapo mto ukifura malori yanalala foleni, na masika yakikolea mtu anaweza kula mfungo na kufuturu palepale kando ya mto. Siku hizi macho yake yamefifia, ana mtoto wa jicho. Jumatatu ile alitakiwa kliniki Dar es Salaam, ndiyo maana tukasema atarudi na sisi.

Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu, "Mkwe wangu, umeshamaliza?" Nikajibu, "Nimemaliza, baba." Akasema, "Haya, Mwenyezi Mungu atujaalie." Nikaichukulia kuwa ni dua.

Jumapili tukaondoka. Mzee mbele, kushoto kwangu, mama Salma na watoto nyuma pamoja na kuku wawili, nazi, na kiroba cha korosho. Njia ya vumbi hadi lami gari lilikuwa kimya. Tukashika lami, nikakanyaga mafuta. Ile sindano inafika themanini tu, usukani ukaanza kutetemeka. Si sana, kama mkono wa mtu mwenye homa. Nikapunguza kidogo, ukatulia. Nikaongeza, ukarudi.

Hapa naomba msinicheke, kwa sababu akili yangu haikuwa ya kijinga. Nilijua kwamba usukani unaotetemeka kwenye mwendo fulani tu, tuseme kati ya themanini na mia, kisha unatulia ukipunguza, kwa kawaida ni matairi kukosa balansi. Tairi na rimu yake vikiwa na uzito zaidi upande mmoja, hata gramu chache, ukizungusha kwa kasi ule uzito unagonga kila mzunguko. Tairi likiwa nyuma mtikisiko unausikia kwenye kiti, likija mbele unausikia mikononi. Na mimi nilikuwa nimeyaleta ya nyuma mbele! Nikajiambia, basi hayo matairi ya nyuma siku zote hayakuwa na balansi, nilikuwa siyasikii, leo yamehamia chini ya mikono yangu. Nikafika hatua ya kujipongeza. Nitakwenda taratibu, Mbagala nitatafuta watu wa matairi, yataisha.

Nikajaribu na breki. Unajua, nilikuwa nimebadilisha pedi, na usukani ukitetemeka hasa pale unapokanyaga breki, mshuku diski: imelika vibaya, au kuna kutu na uchafu umebanwa kati yake na hapu. Nikakanyaga polepole. Mtikisiko haukuzidi. Nikasema, breki wazima, ni balansi tu.

Nikamaliza kesi kichwani kwangu, nikamhukumu balansi. Kosa likawa kwamba baada ya hukumu sikusikiliza tena mashahidi.

Maana shahidi aliendelea kusema. Mwanzo ulikuwa mtikisiko wa themanini. Kidogo kidogo ukawa wa sabini. Nikasema labda lami ina mawimbi. Tukafika Bungu, nikashuka hadi hamsini kama kibao kinavyotaka, maana wenye vitochi vyao huwa hawako mbali. Kwenye hamsini usukani ungetakiwa utulie tuli. Haukutulia. Ulikuwa unatikisika taratibu, kulia kushoto, kulia kushoto, na chini nikasikia kitu kama mtu anagonga mlango kwa adabu: ko, ko, ko.

Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, msomaji, niliongeza redio! Baba mkwe yuko pembeni, mke wangu jana amenisifu mtaa mzima, sasa nisimame barabarani nianze kuchungulia matairi?

Mzee akanyoosha mkono, akaizima redio. Tangu niingie kwenye familia ile hajawahi kugusa kitu changu bila kuomba. Kisha akavua kandambili, akaweka nyayo zake sakafuni, na kiganja juu ya dashibodi, kama mtu anayempima mtoto joto.

"Ukipunguza, inaacha?"

"Inapungua, baba."

"Sikuuliza kupungua. Inaacha?"

"Haiachi."

"Ilianza hivi hivi?"

"Ilianza kule kwenye themanini tu."

"Simama."

"Baba, hapa mbele kuna kituo cha mafuta, nadhani ni baa—"

"Mwanangu, simama. Usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta, toka barabarani pole pole. Ni tairi langu hili la huku."

Tairi lake! Upande wa kushoto mbele, chini kabisa ya miguu yake. Nikatoka nje ya lami, gari likajikokota kwenye majani na kusimama. Nikashuka na kwenda upande ule. Kofia ya rimu ilikuwa imekwishadondoka, sijui wapi. Nati zilitakiwa ziwe nne. Nilikuta tatu. Moja niliigusa kwa kidole ikazunguka kama kizibo cha soda. Ya pili nayo vivyo hivyo. Iliyoshika ilikuwa moja tu, nayo imeinama. Kwenye matundu ya rimu chuma kilikuwa kimesagika, kinang'aa kama sarafu mpya, na tundu moja limetanuka limekuwa na umbo la yai.

Kijasho chembamba kikanitoka. Pale pale likapita basi la kusini kwa kasi yake, upepo wake ukalitikisa gari letu, na mwanangu wa kike akanipungia mkono kwenye kioo, anacheka. Nikakaa chini kwenye majani. Sikukaa kwa kuchoka. Miguu ilikataa.

Mzee alikuja akishika ubavu wa gari, akachuchumaa, akapapasa zile nati. Akaitoa moja, akaizungusha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akanikabidhi.

"Upande upi unaingia kwenye rimu?"

Nikaitazama. Nati zile zina tundu linalotoboka pande zote mbili. Upande mmoja umechongoka kama kifuu kilichopinduliwa, upande wa pili ni bapa. Ule uliochongoka ndio unaoingia kwenye shimo la rimu na kuliweka gurudumu katikati barabara. Lile bapa halikai popote, linagusa juu juu tu. Yule utingo wangu wa darasa la sita alikuwa amezifunga mbili kichwa chini, na mimi fundi mkuu nikaja na spana nikazikaza hivyo hivyo, kwa mguu, huku nashangiliwa.

"Hiyo moja," akasema mzee. "La pili, jana ulifuta hapu kabla ya kupachika gurudumu?" Sikufuta. Mchanga wa Mchukwi ulibaki kati ya hapu na rimu. Unakaza, unaona imeshika, kumbe unabana mchanga. Gari likitembea mchanga unasagika, pengo linabaki, nati inalegea. "La tatu, ulikaza gurudumu likiwa hewani." Ni kweli. Unatakiwa kuzisogeza nati kwanza zikae, kwa kupishanisha, hii kisha ya mkabala wake, si kuzungukia kama saa, halafu ushushe jeki tairi liguse chini, ndipo ukaze kwa mara ya mwisho. Na huko kupanda spana na kuruka si kipimo. Kwa Corolla nyingi za aina hii kipimo ni Nyutonimita 103, ambacho mtu mzima mwenye spana ya urefu wa kutosha anakifikia kwa mikono yake bila sarakasi. Ukizidisha sana unavuta bolti, inakuja kukatika siku usiyoijua.

Sasa nikashangaa. Nikamuuliza, "Baba, macho yako yale, jana uliniona?"

"Sikukuona. Nilikusikia. Spana ililia, ikalia, halafu jeki ikashuka, na baada ya jeki kushuka sikusikia spana tena. Gurudumu la kwanza, la pili, yote manne. Nikasema labda atakaza baadaye. Ndiyo nikakuuliza, umeshamaliza?"

Nikabaki kimya. Yeye akaendelea, sauti ya chini ili mwanawe wa ndani ya gari asisikie. Akasema alipoingia ndani usiku hakupata usingizi. Alitaka kuniita. Lakini mkwe ni mkwe. Angenifundisha kufunga tairi mbele ya mke wangu, mbele ya wale vijana, baada ya sifa zote zile? Akasema moyoni, huyu ni mtu mzima, na mimi ni kipofu kasoro kidogo, huenda sikusikia vizuri. Akafika kusema, "Nimeendesha miaka thelathini sijaua mtu. Leo kidogo niwaue wajukuu zangu kwa haya."

Mimi nimeoa miaka tisa. Katika miaka hiyo maneno yangu na mzee yule yalikuwa shikamoo, mvua vipi, korosho zimezaa, na kwaheri. Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tukazungumza, na tulizungumza tumechuchumaa kando ya barabara, mikono imejaa grisi.

Kazi ikaanza upya, safari hii utingo ni mimi. Rimu ile ilikuwa imeharibika haifai tena, tukatoa tairi la akiba. Nikafuta hapu kwa khanga kuukuu ya mama Salma mpaka ikang'aa. Iliyopotea ilikuwa moja, na ile iliyoinama haikufaa, nikachukua moja kutoka kila gurudumu la nyuma ili mbele zitimie nne. Ni tiba ya dharura tu ya kukufikisha palipo na duka, usiifanye maisha. Mzee akashika kila nati kabla sijaifunga, anaipapasa, anasema "sawa." Tukazunguka na magurudumu mengine matatu. Nyuma kulia tukakuta nati nyingine imegeuzwa, bado haijalegea sana. Mama Salma akachungulia dirishani akauliza kuna nini. Mzee akamjibu upesi, "Tairi limepata pancha, mwanangu. Mumeo anabadilisha." Mzee muungwana! Nilimweleza ukweli mwenyewe wiki mbili baadaye, na alichonijibu hakiandikiki gazetini.

Tukaondoka. Mwendo arobaini, kimya. Sitini, kimya. Nikafika themanini, usukani ukaanza tena ile homa yake ndogo! Nikamtazama mzee. Akaweka kiganja dashibodi, akasikiliza. "Punguza." Nikapunguza, ukaacha kabisa. "Hii ndiyo yako ya kwanza," akasema. "Hii haiui leo."

Kumbe magonjwa yalikuwa mawili, na mimi sikukosea lile la kwanza. Mkuranga tulinunua nati. Mbagala kijana wa matairi aliliweka gurudumu la kulia kwenye mashine, akalizungusha, akaniita nione. Ndani ya rimu, upande usioonekana, kulikuwa na donge la tope jeusi limekauka kama saruji. Tope la Nyamisati! Akalibandua kwa bisibisi, akaongeza na kirisasi kidogo, nikalipa elfu tano, homa ikaisha.

Tangu hapo nimekuwa kero kwa rafiki zangu. Mtu akisema usukani wake unatetemeka namhoji kama hakimu. Unatetemeka mwendo gani? Ukipunguza unaacha? Umefunguliwa gurudumu lolote siku za karibuni, na nani, wapi? Kama gurudumu limeguswa jana na mtikisiko umeanza leo, simjadilii tairodi wala boljointi, namwambia ashuke ashike spana kwanza, ni bure na inachukua dakika tano. Kama nati ni nzima na gari linayumba hata mwendo wa kutembea, namwambia apapase tairi lenyewe, huenda limevimba, waya zimekatika ndani. Hilo halina balansi, hilo ni la kutupa. Baada ya hapo ndipo nampandishia jeki: shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza shuku beringi au boljointi. Shika kulia na kushoto, likicheza shuku tairodi. Yakishapita hayo yote ndiyo aende akalipie alaimenti, ambayo mafundi wengi huianza kwa sababu ndiyo yenye bei. Tena gari lisilo na alaimenti huwa linavuta upande na kula matairi zaidi kuliko kutetemeka.

Mzee alifanyiwa upasuaji wa jicho moja na sasa anaona, alhamdulillahi. Safari iliyofuata nilipokwenda Mchukwi nilifungua tena matairi chini ya mkorosho ule ule. Akavuta mkeka wake karibu, akaweka kopo la nati mapajani, utingo wa darasa la sita akafukuzwa. Jumapili tukaagana. Nilikuwa Kimanzichana simu ikaita.

"Mmefika wapi?"

"Kimanzichana, baba."

"Hapo mmeshatembea vya kutosha. Umezikaza tena?"

Nikawasha indiketa, nikatoka nje ya lami, nikaenda kufungua buti.